Mkopo wa halmashauri kwa mizani, printa na simu: tulivyoupata Tanga

Nianze na swali ninaloulizwa kuliko yote, kama fedha tulizopata ni za bure. Si za bure. Ni mkopo wa asilimia kumi, ule ambao sheria inazitaka halmashauri zote ziutenge kutoka mapato yao ya ndani: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Riba hauna. Kurudishwa unarudishwa, tena na kikundi kizima, ukizembea wewe wenzio wanakubebea.

Sisi ni wanawake watano wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Tunauza viungo: mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Mzigo tunaufuata Amani, milimani kule Muheza, kwa wakulima wenyewe, tukirudi tunachambua, tunaanika, tunasaga, tunafunga. Wateja wa mtaani hawakuwa na neno. Mtu anakuja na shilingi mia tano yake, anapimiwa kwa kijiko, anafungiwa kwenye karatasi, anakwenda kupika pilau yake. Mambo yalibadilika tulipoanza kupata oda za Dar es Salaam. Duka la Dar halipokei pilipili manga iliyofungwa kwenye karatasi. Linataka pakiti iliyobanwa, uzito kwa gramu, tarehe ya kufungwa, jina la mfungaji. Linataka kulipa kwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, na kupata karatasi ya hesabu. Sisi tulikuwa na mizani ya mawe na simu za kitochi, basi.

Nilitafuta kwanza kama kuna fungu la serikali lenye jina la dijitali. Nikasikia habari za Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ule ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2021. Nilipouliza vizuri nikaelewa kwamba huo ni wa mawasiliano vijijini na mifumo ya serikali, mambo makubwa, muuza iliki hachoti humo. Nikaambiwa kuhusu fedha za ubunifu zinazopitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Hizo za wanaobuni, na sisi hatubuni chochote, tunataka tu kutumia vilivyokwisha kubuniwa na wengine. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mfuko wao wa kukopesha wajasiriamali uitwao NEDF, wa tangu 1994, na kwa kweli ofisi yao ya hapa Tanga walitupokea vizuri na wakatufundisha mambo ya ufungashaji. Lakini ule una riba, na wenzangu wawili walikuwa wametoka kuumizwa na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Neno riba lilikuwa halitamkiki mbele yao.

Ndiyo tukabaki na asilimia kumi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu ni binti mdogo, sisi tukimwita mwanangu na yeye akituita mama zangu, na hakutuficha kitu: kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, kiwe na akaunti ya benki, kiwe kinafanya kazi kweli na siyo kimeundwa jana kwa ajili ya mkopo, halafu liandikwe andiko la mradi. Usajili na katiba havikutusumbua. Akaunti ilichelewa kidogo kwa sababu mwenzetu mmoja jina lake la kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, lilipishana herufi moja na la kwenye karatasi nyingine, na benki haikubali herufi ipishane.

Tukiwa tumeshajipanga, mikopo ikasimamishwa. Hiyo ilikuwa Aprili 2023. Waziri Mkuu alitangaza bungeni kwamba utaratibu wa zamani usimame mpaka upatikane mwingine, baada ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni ambayo hayakurejeshwa na vikundi ambavyo havikuwapo. Wengi mtaani walilalamika. Mimi nililalamika pia, lakini nusu nusu, kwa sababu hivyo vikundi hewa kila mtu alikuwa anavijua. Kuna waliogawana fedha siku ileile, wakatawanyika, na sisi tuliobaki tukawa tunaangaliwa kama wezi watarajiwa.

Kile kipindi cha kungoja ndicho kilichotufaa. Yule binti wa kata alitushauri tuanze daftari la mauzo. Daftari hilo tulikuwa nalo tayari, la kuandika kilichouzwa. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima aliyewahi kufanya kazi kwenye ghala la mkonge, akasema lina upungufu: halionyeshi tulichokosa. Akachora mstari, upande wa kulia akaandika "walioondoka". Kila mteja aliyekuja akaondoka mikono mitupu, au aliyepiga simu akaghairi, aandikwe pale, na sababu yake, na kiasi alichotaka.

Mwanzoni tulimcheka. Unaandikaje hela ambayo hujaipata? Lakini ule upande wa kulia ulianza kujaa, na sababu zikawa zilezile. Hana fedha taslimu, anauliza lipa namba, hatuna. Anataka pakiti za gramu hamsini zenye lebo, hatuna. Ametaka picha na bei kwenye WhatsApp, tumemwambia aje aone mwenyewe, hakuja. Duka moja la Kariakoo liliomba mdalasini wa kusaga, pakiti kwa mamia, likaghairi kwa sababu mizani yetu haikuweza kuhakikisha gramu na pakiti zilikuwa zinapishana uzito. Katika miezi mingine jumla ya kulia ilikaribia jumla ya kushoto.

Mikopo iliporudi mwaka 2024, kanuni zilikuwa mpya na maombi yakawa ya kwenye mfumo wa mtandaoni. Hapo palikuwa na kichekesho chake: kuomba fedha za kununua simu janja, lazima uwe na simu janja. Tukaazima ya mtoto wa katibu, na yule kijana akakaa nasi jioni nzima akipakia katiba, namba za NIDA, muhtasari wa kikao, akaunti. Bando tulichangishana.

Andiko lenyewe tuliliandika bila maneno makubwa. Niliwahi kuona maandiko ya vikundi vingine, yamejaa "kukuza uchumi wa kidijitali jumuishi" na mengine ya namna hiyo, na nikajiuliza anayesoma ataelewa wanataka kununua nini. Letu lilisema: mizani ya kidijitali moja, mashine ya kusaga, mashine ya kubana mifuko, printa ya lebo ile isiyotumia wino, simu janja mbili, vifungashio vya kuanzia. Mbele ya kila kimoja tukaandika ni sababu ipi ya upande wa kulia kinaiondoa, na sababu hiyo ilitukosesha shilingi ngapi.

Kwenye mahojiano, mzee mmoja wa kamati alivua miwani akatutazama. Akasema, "Mama zangu, nimezoea watu kuomba bodaboda, cherehani, kuku. Sasa nyinyi halmashauri iwakopeshe simu?"

Sikumlaumu. Simu kwa wengi ni kitu cha kuperuzi na kutazama vichekesho. Mweka hazina akamjibu kwa adabu zote za Kitanga, akaanza na shikamoo nyingine ingawa alikwisha kumwamkia mlangoni: "Baba yangu, simu za kupigia tunazo. Hii tunaomba iwe droo ya hela na dirisha la duka." Kisha akamfungulia daftari na kumwekea kidole upande wa kulia. Yule mzee alilisoma muda mrefu. Maswali yaliyofuata hayakuwa ya simu tena. Aliuliza mzigo wa Amani unashuka bei miezi gani, na nani atakaa na nywila ya akaunti. Hilo la nywila hatukuwa tumelifikiria, tukapanga palepale: mtu mmoja asiweze kutoa fedha peke yake, anayeshika simu si yeye anayeshika daftari.

Tuliomba milioni sita, tukapewa nne. Simu ya pili ikakatwa, na mashine ya kusaga tukaambiwa tuendelee kulipia mashine ya jirani mpaka tukue. Ile ya kusaga iliniuma, lakini nikiangalia nyuma nadhani walikata pazuri, kwani mashine ya jirani ipo hatua chache tu na haitaki fundi wala umeme wetu.

Vifaa vilikuja na kazi yake. Printa ilitusumbua wiki za mwanzo, karatasi zake haziuzwi hapa kila duka, tunaagiza Dar zinakuja na basi. Mizani ilihitaji meza iliyotulia, la sivyo namba zinacheza kama samaki. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa haigusi simu. Kisa ni zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", zilishamlia akiba yake siku za nyuma. Tukamwekea utaratibu wa kitu kimoja: mteja akionyesha meseji kwenye simu yake mwenyewe, hiyo haihesabiwi, mpaka muamala uonekane kwenye simu yetu. Siku aliyomkamata kijana mmoja na meseji ya kughushi, alitamba mtaa mzima. Sasa ndiye anayejibu wateja wa WhatsApp, na anajibu kwa sauti, hapendi kuandika. Wateja wa Dar wanasema wanampenda kwa lafudhi.

Faida ambayo sikuitegemea ilinijia mimi binafsi, nje ya kikundi. Nina kibanda changu chenye TIN yangu, namba ya mlipakodi. Kwa viwango nilivyokuta mamlaka ya mapato, TRA, vya mfanyabiashara mdogo, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asipotunza kumbukumbu anatozwa 100,000. Akizitunza, analipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 na nusu ni 45,000. Miaka yote nilikuwa nalipa ile laki kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha. Sasa mauzo ya kibandani nayo nayaingiza kwenye simu kila jioni kabla ya kufunga, na mwaka uliofuata nilikwenda na kumbukumbu zangu.

Marejesho tunalipa kila mwezi. Mwezi wa Ramadhani tunauza sana, tunalipa na ziada, maana tunajua mwezi baada ya Idi mambo hupoa. Hilo ningemshauri yeyote aliombe kwenye mkataba tangu mwanzo, ruhusa ya kulipa zaidi msimu ukiwa mzuri. Ule upande wa kulia tumeuendeleza, uko kwenye simu sasa. Lipa namba imetoweka kabisa kwenye sababu za walioondoka, na lebo nayo imetoweka. Iliyobaki juu kabisa ni alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na ile mistari ya msimbo wa bidhaa inayoanza na 620, ambayo maduka makubwa wanaidai. Vikao vyetu vya sasa vinazungumzia hayo mawili, na mweka hazina ameshaanza kujumlisha.