Jengo Lililoyumba

Nilishailaumu kamera ya watu kabla sijaiangalia mashine yangu mwenyewe.

Ilikuwa filamu ya milimita 16, futi 400, yaani dakika 11 hivi kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeipiga enzi za ujana wake: jengo likipanda ghorofa baada ya ghorofa, kamera imesimamishwa juu ya miguu mitatu. Niliihamishia kwenye video, nikaitazama mwanzo hadi mwisho, nikaridhika. Kisha nikaweka jina la filamu kwa herufi nyeupe juu ya ukuta. Lo! Herufi zilitulia tuli, ukuta ukawa unakwenda kushoto na kulia, polepole, kama mashua iliyofungwa gatini. Muda wote ule ulikuwa ukiyumba, ila hapakuwa na kitu kilichotulia cha kuulinganisha nacho.

“Mzee wangu, nadhani kamera yako ilikuwa imechoka,” nikamwambia.

Hakujibu. Aliyejibu ni fundi aliyekuwa akinifunza kazi. “Umetazama tundu?”

Sikuwa nimetazama tundu lolote. Akapanua eneo linalosomwa na mashine mpaka matundu ya ukingo wa filamu yakaonekana kwenye kioo cha monita. Akasimamisha filamu, akachora mstari juu ya kioo hicho kwa penseli ya nta sambamba na ukingo wa tundu, kisha akaachia. Tundu likaanza kuvuka mstari na kurudi, na jengo likilifuata vilevile. Kamera hulishika tundu wakati wa kupiga picha, kwa hiyo kosa la kamera huonekana kati ya tundu na picha. Hivi viwili vikicheza pamoja, anayecheza ni mashine ya kuhamishia. Yaani mimi.

Tulifungua njia ya filamu. Upande mmoja kuna ukingo usiosogea, upande wa pili kibati chenye springi kinachousukuma mkanda uegemee pale. Chini ya kibati palikuwa na chembe nyeusi iliyoganda ya emulsheni, ule utando wa filamu unaobeba picha, ndogo kuliko punje ya ufuta. Imekikwamisha, na mkanda unaelea. Wala haukuhitaji kuelea sana: fremu ya milimita 16 ina upana wa milimita 10 na ushei, na video yetu iliugawa upana huo kwa nukta 720. Unene wa unywele mmoja ni kama nukta 5. Nikaing'oa chembe kwa kijiti cha mti, maana chuma kingekwaruza njia, nikapangusa kwa pamba na spiriti, kibati kikaruka chenyewe.

Tukarudia futi zote 400. Tundu likakaa kwenye mstari, jengo likasimama. Nikamwomba mzee radhi, naye akapokea kwa kichwa tu, macho kwenye kioo.

Ilipofika ghorofa ya nne, tundu halijasogea hata kidogo, jengo likaanza tena kupandapanda na kushuka. Nikanyamaza. Siku ile nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

“Hapo ni kamera yangu,” mzee akasema, akacheka. “Ilinidondoka ngazini.”

Maandishi tulikuja kuyahamishia mwanzoni kabisa, kwenye weusi mtupu.