Mbalamwezi, dagaa na hoja inayopwaya

"Wiki hii dagaa watapanda bei, maana ni mbalamwezi." Kauli kama hii haikosekani kwenye vijiwe vya Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na wengi hutikisa kichwa kukubali. Ni fupi, lakini tayari ni hoja: ina dai (bei itapanda), ina msingi (ni mbalamwezi), na neno "maana" ndilo linaloviunganisha. Wakati mwingine kiungo huwa "kwa kuwa", "hivyo", "ndiyo maana". Usipokiona kiungo wala sababu, huenda hapo hakuna hoja kabisa, kuna mtu anayesema tu kwa sauti kubwa.

Ukitaka kuipima hoja, chukua karatasi. Andika misingi juu, kila mmoja mstari wake, piga mstari, kisha dai chini. Halafu tafuta msingi ambao haukusemwa. Kwenye hoja ya mbalamwezi iko minne: dagaa huvuliwa usiku kwa taa; mwezi ukiwaka, taa haziwavuti vizuri; wakivuliwa wachache, sokoni wanaadimika; na wafanyabiashara hawana akiba ya dagaa wakavu stoo. Mitatu ya mwanzo haina shida kubwa. Wa nne ndio unaopwaya, kwa sababu dagaa aliyekauka vizuri hukaa kwenye gunia wiki nyingi. Hoja nyingi huvunjikia kwenye sentensi ambayo hakuna aliyeitamka.

Baada ya hapo kuna maswali mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu mijadala mingi. La kwanza: misingi ikiwa kweli, je, dai linalazimika kuwa kweli? La pili: misingi yenyewe ni kweli? Angalia hii: "Samaki wote wa Ziwa Viktoria waliletwa kutoka nje. Sato ni samaki wa Ziwa Viktoria. Hivyo sato aliletwa kutoka nje." Umbo lake halina kasoro. Msingi wa kwanza ni uongo, kwani dagaa na furu (samaki wadogo wa aina nyingi) ni wenyeji wa ziwa. Lakini dai ni kweli: sato wa Naili aliyejaa sokoni leo alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Kwa hiyo ukishaonyesha kwamba msingi ni uongo umeiangusha hoja, hujaliangusha dai. Wabishi wengi hapo hushangilia mapema.

Sentensi za "kukiwa" zina mtego wake. Tukubali kwamba kukiwa na mbalamwezi kali, dagaa wanaovuliwa hupungua. Jana usiku kulikuwa na mbalamwezi kali? Basi walipungua. Hawakupungua? Basi hakukuwa na mbalamwezi kali. Njia hizo mbili ni salama. Ila mtu akiona mitumbwi imerudi mitupu mwaloni akasema "basi ni mbalamwezi", ameigeuza sentensi kichwa chini. Huenda ni upepo, au wavuvi walirudi mapema. Vilevile giza peke yake si ahadi ya mavuno. "Dalili ya mvua ni mawingu" husomwa hivyo hivyo: mvua huja na mawingu, lakini si kila wingu lina mvua, na anayeanika dagaa mchangani analijua hilo kuliko mwalimu yeyote wa mantiki.

Suala la chanzo ni gumu zaidi. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kutangulia peke yake hakuthibitishi kwamba sangara ndiye chanzo. Kinachoipa hoja uzito ni kwamba sangara hula furu, yaani kuna njia inayoeleweka kutoka chanzo hadi tokeo. Hata hivyo si chanzo pekee. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, mwanga hupungua na furu jike hushindwa kutofautisha rangi za madume, hivyo aina zilizo karibu huzaliana na tofauti zao kufifia. Ghuba ya Mwanza ni mojawapo ya sehemu walizochunguza. Swali "sangara au uchafu?" lina kasoro tangu linapoulizwa: linakulazimisha uchague kimoja wakati vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

"Wewe hata mtumbwi hujapanda!" Kauli hiyo haigusi hoja. Inafaa tu pale msemaji anapotaka aaminiwe kwa alichoshuhudia mwenyewe.

Methali ya kuangaliwa kwa jicho kali ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja", kwa kuwa hakuna tukio linaloweza kuipinga. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Kutoka "wapo wanaovua kwa sumu" huwezi kurukia "samaki huyu ana sumu". Hilo huamuliwa na sampuli maabara, na mwenye dai ndiye anayedaiwa sampuli. Ila anayesema "tusubiri kula mpaka vipimo vitoke" ana dai jepesi zaidi, na ushahidi mdogo unamtosha.