Nilivyopata mboga kwenye udongo mweusi wa Utawala

Ukishuka kutoka mji wa Kikuyu hadi mtaa wa Utawala, mashariki ya Nairobi, udongo unabadilika rangi. Kule juu ni mwekundu, na mvua ikinyesha maji hupenya. Huku chini ni mweusi. Wote asili yake ni mawe ya volkeno, ila kule kuna mteremko wa kupitisha maji, na huku ni tambarare. Maji yamekaa juu ya mawe haya kwa maelfu ya miaka hadi mawe yakawa udongo wa mfinyanzi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Mafundi wa ujenzi huuchimba wote wakautupa kabla ya kuweka msingi. Mimi nilitaka kupanda sukuma wiki humo humo.

Shamba lenyewe ni kipande nyuma ya nyumba za kupanga, ukubwa wa gari moja la matatu hivi. Kiangazi, nyufa zilimeza kiganja changu. Masika yakaleta dimbwi, na sukuma zikaanza kuwa manjano kuanzia majani ya chini, ingawa nilikuwa nimetia mbolea ya dukani. Nikachimba. Ndani udongo ulikuwa wa kijivu, na ulinuka mayai viza. Jirani akaapa kwamba choo kimevuja.

Haikuwa choo. Udongo huu ukifura, vitundu vya hewa huzibika. Mizizi nayo hupumua, kwa hiyo inakabwa. Bakteria wanaohitaji oksijeni hulala, na wasioihitaji hushika zamu. Wako wanaotumia salfeti badala ya oksijeni, na harufu ile ni yao. Wengine hutumia naitreti, yaani chakula chenyewe cha mboga, na kuirudisha hewani ikiwa gesi. Sehemu ya gesi hiyo ni naitrasi oksaidi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kaboni dioksaidi, ukipima kwa miaka 100. Kumbe mbolea yangu ilikuwa inapaa angani! Sitadanganya, iliniuma mfukoni kwanza. Dunia nikaifikiria baadaye.

Mzee mmoja wa mtaani alikulia Machakos, kwenye vilima vya fanya juu, yaani mitaro inayochimbwa kukata mteremko na udongo wake kutupwa upande wa juu uwe ukingo. Nikamwendea.

"Mzee, nichimbe fanya juu?"

"Ile ni ya mlimani, kijana wangu. Kule unazuia maji yasikimbie. Huku yana pa kukimbilia? Inua shamba."

Nikainua matuta hadi usawa wa goti, na mitaro katikati, yote ikielekea shimo moja nililopanda ndizi na matete. Mimea hiyo hunywa maji mengi na kuyatoa hewani kupitia majani. Ndani ya matuta nikachanganya samadi iliyokuja kwa mkokoteni kutoka Ruai na mabaki aliyoniwekea mama mboga: majani ya kabichi, maganda ya ndizi, viazi vilivyooza. Juu nikatandaza nyasi kavu, ili matone ya mvua yapige nyasi badala ya udongo, na jua lisiupasue haraka.

Mitaro iliondoa maji ya juu tu. Waliofungua ndani ni nyungunyungu, ambao walikuja wenyewe baada ya chakula kuwepo. Walipotoboa, maji yakapata njia ya kushuka na hewa ikapata njia ya kuingia.

Msimu uliofuata nikapanda kunde. Zilipotoa maua niling'oa shina moja, nikaosha mizizi kwenye karai. Ilikuwa na vinundu vidogo, nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani waridi. Rangi hiyo ni ya protini iliyo jamaa ya ile ya damu yetu. Huidhibiti oksijeni ili bakteria waliomo waweze kunasa naitrojeni ya hewani. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini sukuma haiwezi kuila ilivyo. Kwenye tuta la mwisho, ambalo bado hulowa sana, vinundu vilikuwa vya kijivu. Bakteria wa humo hawakuwa kazini.

Masika ya 2024, Nairobi ilipofurika, matuta yalisimama. Upande wa geti ndio uliozama, kwa sababu maji ya mabati na kabro za ploti nzima yote huishia pale, na kipande changu hakiwezi kuyameza. Hayo huondoka na udongo wa watu hadi Mto Nairobi, kisha Athi, ambao mbele huitwa Galana na mwishowe Sabaki, na kumwagika kaskazini ya Malindi, ambako bahari hugeuka kahawia wakati wa mvua. Ni bahari hiyo hiyo ya Hindi ambayo pepo hubeba unyevu wake kutuletea masika.

Nimemwomba mwenye nyumba aweke gata za kukinga maji ya paa na tangi la kuyahifadhi. Gata amekubali, upande mmoja. Tangi bado tunavutana nani alilipie.