Siku yangu moja ya kusikiliza pumzi za wageni: Karanga hadi Barafu

Saa 11 alfajiri. Karanga, kambi ya Mlima Kilimanjaro ninakoongoza wageni, iko kama mita 4,000, na baridi yake inauma vidole. Kipimo cha oksijeni nakiweka kwapani kipate joto, maana kidole kilichoganda hutoa namba ya uongo.

Saa 1 asubuhi. Uji, chai ya tangawizi. Mama mmoja wa Dar es Salaam akanivuta pembeni. "Dada, mume wangu usiku anaacha kupumua kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini."

Hiyo huisikia sana nikipita kati ya mahema, na zaidi kwa wanaume. Oksijeni ikiwa haba, mtu hupumua kwa nguvu, kabonidayoksaidi inapungua mwilini, ubongo unasitisha pumzi sekunde kadhaa mpaka gesi ile ijikusanye tena. Kwa mwanamke lazima ishuke zaidi ndipo pumzi ikatike. Halafu ana projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ambayo humsukuma apumue zaidi. Nikamwambia asiogope, ila tutamwangalia mzee kwa karibu.

Saa 3. Safari. Wagumu, wapagazi wetu, wakatupita na mizigo kichwani.

Tukianza kupanda mambo hugeuka. Njia za hewa za mwanamke ni nyembamba kuliko za mwanamume hata mapafu yao yakilingana, kwa hiyo misuli yake ya kupumua hufanya kazi kubwa zaidi. Mwanamke anayehema akiitwa dhaifu, mimi hukasirika kweli. Yule mama nikampanga mbele, mwendo ukawa wake. Pole pole.

Saa 7 mchana. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Chakula, kulala.

Saa 11 jioni. Nikawapima oksijeni: mume asilimia 83, mke 79. Namba inasema mume yuko vizuri, lakini mke ndiye aliyemaliza supu na kuomba nyingine. Mume kichwa kinamgonga, kijiko hakigusi. Ugonjwa wa mwinuko haujali jinsia, na namba peke yake haitoshi. Namuuliza mtu, namlinganisha na alivyokuwa jana.

Saa 5 usiku. Mume ametapika, kichwa bado. Nikamwambia hapandi kileleni, anateremka kambi ya Millennium sasa hivi na msaidizi wangu.

"Niende bila yeye?" mkewe akauliza.

"Akishuka atapata nafuu, mama. Wewe unapumua vizuri. Funga koti, unakaa nyuma yangu."