Mwana wa Kojani kuambiwa hajui maji

Wallahi nimeudhika, na tangu juzi hayajanitoka. Nimeingia duka la vifaa vya uvuvi hapa Uskoti, duka silitaji, nikitafuta weda, zile suruali za kuzuia maji zinazopanda mpaka kifuani. Ndizo unazosimamia mtoni unapovua samaki aina ya samoni kwa nzi wa manyoya, chambo cha bandia kilichofungwa mfano wa mdudu. Kijana wa dukani hakuniuliza urefu, hakuniuliza namba ya kiatu, wala navua mto gani. Akaniletea za bei ya chini kabisa, plastiki tupu, akasema hizi zinamtosha mtu wa kwenu, huko maji ya moto, hamjui mambo ya maji.

Hatujui maji! Mie nimezaliwa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba. Watu wetu wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, Mafia, Tanga, mpaka pwani ya Kenya, wanakaa miezi, na kila wanapofika wenyeji wanawajua kuwa hawa ndio wavuvi. Mama zetu wanajua bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, bila ya kalenda, wanatoka na vijiti vyao kutafuta pweza mwambani, na hapana aliyewafundisha skuli. Mtu wa namna hiyo unamwambia hajui maji kwa sababu ya rangi ya uso wake tu. Baridi ya mto nakubali ni somo jingine, na somo hilo nimelisoma. Maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 kuliko hewa ya baridi hiyo hiyo. Msimu wa samoni katika mto Tay unafunguliwa tarehe 15 Januari, maji yakiwa nyuzi chache tu juu ya barafu. Hapo mtu haingii na kaptura.

Basi sikutoka. Nikamwambia anishushie zile za kitambaa kinachopumua, kinachozuia maji lakini kinapitisha jasho, nikazivaa juu ya suruali ya sufi ya kondoo niliyokuja nayo makusudi, nikachuchumaa mbele yake, kisha nikapandisha mguu juu ya kiti. Weda ikikubana magoti dukani, mtoni itachanika. Ikiwa pana mno, itashika mkondo kama tanga linavyoshika kaskazi, na mto wa huku una nguvu. Nikaivua, nikaigeuza ndani nje, nikapitisha kidole kwenye mishono yote pole pole, khasa pale miguu inapokutana na kwenye magoti, maana huko ndiko nyingi zinakoanza kuvuja. Ndani ya mshono kuna utepe umebandikwa. Uguse ukingo wake kwa ukucha: ukinyanyuka, rudisha mali ya watu. Kijana kimya, anatazama.

Wengi watakushauri neoprini, ule mpira laini mzito mnaouona kwa watalii wanaopiga mbizi Misali, kisiwa cha Pemba. Ina joto yenyewe, ya milimita 5 inamfaa mtu anayesimama pahala pamoja kutwa. Lakini kama unatembea kando ya mto utatoka jasho, jasho halina pa kwenda, na ukisimama linageuka baridi mwilini. Mie nachagua ya kupumua. Yenyewe haina joto hata chembe, joto ni la sufi unayovaa ndani, kwa hiyo Januari unaongeza na Juni unapunguza. Pamba usivae ndani. Pamba ikiloa inakaa maji na inakuganda mwilini.

Miguu ndiyo inayomtoa mtu mtoni kabla ya wakati. Zipo weda zilizoungwa na buti moja kwa moja, hizo zina joto zaidi na huhangaiki na kamba za viatu. Zipo zinazoishia soksi, ukanunua buti mbali. Hizi za soksi zinashika kifundo vizuri kwenye mawe, ila buti uchukue namba moja zaidi, upate nafasi ya soksi nene za sufi na bado vidole vicheze. Buti ikibana, damu haipiti, na hapo hata soksi kumi hazikusaidii. Soli nataka mpira wenye misumari midogo ya chuma. Zile za sufi iliyoshindiliwa zinashika mawe ya utelezi vizuri sana, lakini hazikauki upesi na zinabeba vijidudu vya mto mmoja kwenda mwengine. New Zealand walizipiga marufuku tangu 2008.

Bei pauni 300 na ushee, buti mbali. Mnaojua bei ya ngarawa pale Wete pigeni hesabu wenyewe. Na hujalipa mto bado! Huku haki ya kuvua samoni ina mwenyewe, inauzwa na kurithiwa kama shamba la karafuu, hutii mshipi bila ya ruhusa yake. Jumapili kuvua samoni ni marufuku kisheria. Na ukimpata kabla ya Aprili lazima umrudishe mtoni. Wewe unayetaka kuja ukidhani utashuka mtoni ujipatie kitoweo, uliza kwanza, usije ukaanza maisha na kesi.

Lakini nisiwanyime haki watu wa huku wote. Mlinzi wa mto ninapovua, mzee mtulivu, siku ya kwanza aliponiona alikuja moja kwa moja akanikaza mkanda wa kiunoni kwa mikono yake, kama baba anavyomfunga mwanawe kikoi. Ukianguka, mkanda ndio unaozuia maji yasishuke miguuni. Akanipa fimbo yake ya kujaribia kina, kisha akaniuliza pweza wetu tunawatoaje mwambani, akasikiliza mpaka mwisho. Ndiye aliyenihadithia habari za Georgina Ballantine, aliyemtoa samoni wa paundi 64, karibu kilo 29, katika mto huo huo wa Tay mwaka 1922. Rekodi hiyo ya Uingereza haijavunjwa mpaka leo, na anayeishikilia ni mwanamke. Wanawake wa Kojani nimewaandikia hilo khasa.

Ukishanunua, itunze. Itundike ikauke nje na ndani, usiikunje ikiwa mbichi. Kitundu kidogo kinazibwa kwa gundi yake, usiitupe. Na yeyote anayekuja Perth, mji wa huku Uskoti ulio kando ya Tay, majira ya baridi, aniandikie urefu wake na namba ya kiatu kabla hajatoa pesa yake. Nitakwenda naye dukani, lile lile.