Baiskeli mbili za umeme ndani ya kigari chetu

Kila anayetukuta tukipakia huuliza swali moja: kwa nini msizifunge nje? Ni swali la haki, na jibu lake ni hesabu. Baiskeli yangu ya umeme ya milimani ina kilo 23, ya mume wangu 25, na kwa aina hiyo hizo ni za kawaida kabisa. Keria nyingi za juu ya paa zinabeba baiskeli ya kilo 15 hadi 20, zaidi ya hapo ni kujitakia. Zile za mikanda zinazoning'inia kwenye mlango wa nyuma mara nyingi huishia kilo 15 kwa kila baiskeli. Zinazofaa kweli ni zile zinazokaa kwenye ndoano ya kuvutia trela. Nyingi kati ya hizo zinaruhusu kilo 30 kwa baiskeli na kilo 60 kwa jumla, lakini kigari chetu hakina ndoano, na vigari vingi vya kimo chake havikuundwa kuvuta chochote. Halafu, hata keria ingekuwepo, nani atazinyanyua kilo 25 hadi juu ya paa? Mimi ni mfupi. Mume wangu ni mrefu, ila mgongo wake ndio uliotuingiza kwenye baiskeli za umeme tangu mwanzo.

Basi zinaingia ndani. Zote mbili, na sisi wawili tunakaa mbele kama watu.

Mimi ni fundi wa mapazia na makochi, kwa hiyo tepu haiachi shingo yangu, na jambo la kwanza nililofanya ni kulipima gari. Matangazo ya magari yanapenda kutaja ukubwa wa buti kwa lita: lita kadhaa viti vikiwa vimesimama, lita maradufu vikilazwa. Lita zinakusaidia nini? Baiskeli haimiminiki. Gari dogo lina nafasi nyingi kuliko watu wanavyodhani, tatizo lake ni mlango. Pima mlango wa nyuma upana wake chini, kisha juu, kwa sababu hujibana kadiri unavyopanda. Pima kimo chake, kuanzia ukingo wa buti hadi pale juu panapokaa kufuli. Kisha pima mshazari, kona hadi kona. Huo mshazari ndio utakaokuokoa, maana kitu kisichopita kikiwa kimesimama wala kikiwa kimelala hupita kikiinamishwa.

Baada ya hapo ingia ndani. Laza viti vya nyuma, sogeza cha abiria mbele kadiri abiria atakavyovumilia, na upime kutoka mlango uliofungwa hadi mgongo wa kiti. Kwetu ni sentimita 150 upande wa abiria, pungufu kidogo upande wa dereva. Sasa rudi kwenye baiskeli. Ya milimani ya siku hizi ina kama mita 1.2 hadi 1.27 kutoka ekseli hadi ekseli, yaani vile vyuma vya katikati ya magurudumu. Gurudumu la inchi 29 likiwa na tairi yake lina kama sentimita 75 kwa upana. Ukitoa la mbele peke yake, urefu unaobaki ni ekseli hadi ekseli kuongeza nusu ya gurudumu la nyuma, yaani mita 1.6 na zaidi. Haiingii kwetu. Ukitoa yote mawili, inabaki mita 1.25 hivi na mkono wa gea, ule unaohamisha mnyororo kule nyuma, ukichomoza kidogo. Inaingia, na nafasi ya kiganja inabaki. Mume wangu hakuzipenda hesabu hizi. Yeye ni mtu wa "itaingia tu, sukuma." Nikamwambia, baba, hili si godoro.

Anayenunua gari kwa ajili ya kazi hii aangalie Honda Fit, ile ambayo kwingine huitwa Jazz. Kwa vizazi vyake vingi, tangu kile cha mwaka 2001, tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, na hiyo inaacha sakafu ya nyuma iwe chini sana. Sehemu ya kukalia ya viti vya nyuma unaweza kuiinua isimame, ukapata chumba kirefu cha kwenda juu katikati ya gari. Baiskeli ikitolewa gurudumu la mbele watu huisimamisha humo. Mimi ninalo nililonalo, naendelea nalo.

Kabla sijagusa spana, nazima mfumo na kutoa betri. Hiyo kwangu si tahadhari tu, ni nusu ya kazi ya kubeba. Betri ya wati-saa 625 (hicho ni kipimo cha umeme inaohifadhi) ina uzito wa kama kilo tatu na nusu. Gurudumu la mbele na tairi yake ya milimani ni kilo mbili na nusu hivi, la nyuma pamoja na gea zake lakaribia tatu na nusu. Baiskeli ya kilo 23 inabaki fremu ya kilo 13 au 14, na huo ni mzigo ambao hata mimi naubeba bila kumwita mtu. Wapo wanaochukua baiskeli nyepesi za umeme ambazo betri yake imefungiwa ndani ya fremu na haitoki bila fundi. Hao uzito wao wataubeba wote. Tena haya yote ni kwa baiskeli yenye mota katikati, kwenye pedali, kama zilivyo nyingi za milimani. Mota ikiwa ndani ya gurudumu lenyewe, kuna waya na uzito, na kulitoa kila wikendi ni adhabu.

Betri zetu hazisafiri na vyuma. Kila moja nimeishonea mfuko wa turubai wenye sponji ya makochi ndani, ya sentimita mbili, na kifuniko cha mdomo kinachobanwa kwa utepe wa kunata ili pini za umeme zisiguse kitu cha chuma. Zinakaa sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo hakuna kinachoweza kuziangukia. Tukisimama njiani kwenye jua kali tunashuka nazo. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na betri za lithiamu haziwezi kuzoea joto la namna hiyo. Watengenezaji wengi wanakataza hata kuzichaji juu ya nyuzi 40, kwa hiyo tukifika betri ikiwa moto, tunaiacha ipoe kivulini kwanza ndipo iguse chaja. Na asikudanganye mtu kuwa kama gari linakushinda utasafiri nazo kwa ndege: mpaka wa kawaida wa abiria ni wati-saa 100, au 160 shirika likikuruhusu. Ya kwetu ni mara nne ya hapo.

Magurudumu. Kabla ya kutoa la nyuma, shusha mnyororo kwenye gea ndogo kabisa, litatoka bila ugomvi. Ekseli ikishatoka, irudishe mahali pake kwenye fremu, na ile ya mbele kwenye foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ukiwa umeipitisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Mabomba yangu nimeyakata sentimita 11 kwa mbele na 14.8 kwa nyuma, kwa sababu nyingi za milimani za sasa zina uwazi wa kukalia gurudumu wa milimita 110 mbele na 148 nyuma. Foko tupu ikikandamizwa kwa pembeni inaweza kupinda miguu yake, na foko ni sehemu ya bei ya kukata pumzi.

Halafu breki. Baiskeli hizi zina breki za diski za mafuta, na gurudumu likiwa limetoka, mkono wa breki haushikwi. Ukiubana, vile vipande vinavyokamata diski vinasogeleana na vinabaki hivyo. Utahangaika kuvitenganisha huku wenzako wameshapanda mlima. Wauza baiskeli wana vibamba vya plastiki vya kuweka katikati yake, na baiskeli mpya nyingi huja navyo kwenye boksi. Kadi ngumu iliyokunjwa mara kadhaa pia inafaa. Diski zenyewe hazitaki mafuta ya mikono wala kugongwa, kwa hiyo kila gurudumu nimelishonea mfuko wake: duara mbili za turubai za sentimita 80, ukanda wa sentimita 12 kuzunguka, na upande wa diski kipande cha blanketi nzito. Kushona duara la ukubwa huo ni kazi ya jioni nzima. Ila nikiona mifuko ile minne imesimama sebuleni moyo wangu unatulia.

Usukani ndio unaosumbua kuliko vyote. Una sentimita 76 hadi 80 kwa upana na umeikingama fremu, yaani ukilaza fremu, mkono mmoja unachoma sakafu na mwingine unatafuta kioo. Kwenye baiskeli yangu nalegeza boliti mbili za pembeni za shingo, kile kipande kinachoshika usukani, nazungusha usukani uwe sambamba na fremu, nakaza kidogo. Boliti ya juu siigusi, hiyo kazi yake ni nyingine. Ya mume wangu haikubali: nyaya zake zinapita ndani ya shingo na kuna kizuizi kinachozuia usukani kuzunguka kupita kiasi. Kwa ile tunafungua boliti nne za uso wa shingo, tunautoa usukani mzima na kuufunga kwa kitambaa kando ya fremu, kwa upole, nyaya zisijikunje. Wakati wa kurudisha natumia spana ya kupimia nguvu. Shingo nyingi zimeandikwa kiwango chake, mara nyingi Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 au 6, na mkono wa mtu mwenye haraka huenda mara mbili ya hapo bila kujua.

Pedali siku hizi tunazitoa pia. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea, basi.

Kupakia kwenyewe kuna mpangilio ambao haubadiliki. Fremu ya mume wangu kwanza, kwa kuwa ni kubwa, upande wa gea ukiangalia juu, foko ikielekea kiti cha abiria. Juu yake pazia zito la zamani lenye bitana, nililokunja mara nne. Kisha yangu, gea juu vilevile, lakini imegeuzwa, foko inaelekea mlangoni. Zikipishana hivyo, mota ya moja hukaa kwenye uwazi wa nyingine na rundo zima halifiki kimo cha vioo. Mkono wa gea unarudishwa ndani kwa kupandisha gea kubwa kabla ya kutoa kitu chochote. Hapana, subirini, nilisema gea ndogo ili gurudumu litoke kirahisi. Ndiyo: ndogo kwa kutoa gurudumu. Kubwa ni kwa anayeliacha gurudumu la nyuma mahali pake, maana hapo mkono wa gea unajificha chini ya fremu. Sisi tunaotoa yote mawili tunaufunga mkono ule kwa soksi ndefu na kuuacha ulale. Magurudumu yanasimama pembeni, mawili kila upande, juu ya matao ya matairi ya gari.

Mwisho mikanda, na hapa sina mzaha. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa na kujikunja nusu mita kabla ya kusimama, kila kilichomo ndani kinavutwa mbele kwa nguvu ya kama mara ishirini ya uzito wake. Fremu zetu mbili kwa pamoja ni kilo 28 au 29. Zidisha mwenyewe, halafu kumbuka kuna vichwa viwili mbele yake. Tunapitisha mikanda miwili ya kufungia mizigo kwenye pete za sakafu, yote ikipita ndani ya fremu. Na mlango wa nyuma ufungwe mpaka ulie. Nimeona watu wakiuacha wazi kidogo na kuufunga kwa kamba kwa sababu tairi imechomoza. Moshi wa ekzosi huvutwa ndani ya gari kwa njia hiyo hiyo, na sumu yake haina harufu. Kama mlango haufungi, toa gurudumu la pili.

Tukifika, kazi inarudi kinyumenyume, na inakuwa fupi kuliko unavyofikiri. Kabla ya betri kurudi nazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono na kutazama kama sumaku inapita karibu na sensa ya mwendo. Ikiwa imesogea, mota itagoma au itakuletea alama za makosa kwenye skrini, na utadhani umeua kitu cha gharama kubwa. Halafu breki, navuta mara kadhaa kila moja mpaka mkono ukaze, maana baiskeli iliyolazwa huweza kupeleka kahewa mahali pasipotakiwa. Ndipo betri, ndipo kuwasha.

Kijana wetu amekua na sasa anataka kuja nasi. Viti vyetu vya nyuma vinalala kwa mafungu, kimoja cha watu wawili na kimoja cha mmoja, kwa hiyo baiskeli moja na watu watatu inawezekana: fremu upande mpana, yeye amekaa upande mwembamba na magurudumu yapo miguuni pake. Baiskeli mbili na yeye, haiwezekani. Mume wangu anasema tujaribu kumweka katikati ya magurudumu. Nimemwonyesha tepu.