Msiwatumainie Wakuu: Waumini wa Birchtown na Ahadi za Watawala

Somo la juma hili: Zaburi 146

Wapendwa katika Bwana, mstari wa tatu wa zaburi hii wengi wetu tunaujua kwa moyo: "Msiwatumainie wakuu, wala binadamu ambaye hakuna wokovu kwake." Katika makanisa yetu husikika zaidi nyakati mbili, uchaguzi unapokaribia, na pale muumini anapolalamika kwamba kiongozi fulani hakutimiza alichoahidi. Mara nyingi, nasema haya kwa masikitiko, hutumiwa kumnyamazisha huyo mlalamikaji, kana kwamba mtunga zaburi alikuwa akimwambia: ulitarajia nini, nenda ukaombe. Juma hili naomba tuusome pamoja na kundi la waumini walioishi mwishoni mwa karne ya 18, wakati viti vya enzi vilipokuwa vikitikisika pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, watu ambao waliahidiwa uhuru na wakuu wa aina nyingi na ambao walilazimika kujifunza, kwa gharama kubwa, ahadi ya mkuu ina uzito gani.

Nianze na mtu mmoja. Harry alizaliwa yapata mwaka 1740 katika nchi ya Gambia, akauzwa ng'ambo, na katika miaka ya 1760 akawa mali ya George Washington, mwenye shamba la Mount Vernon huko Virginia, ambako kazi yake mojawapo ilikuwa kutunza farasi wa bwana wake. Makoloni ya Marekani yalipomwasi mfalme wa Uingereza, Washington akawa jemadari mkuu wa waasi, naye gavana wa mfalme katika Virginia, Lord Dunmore, akatoa tangazo mnamo Novemba 1775 kwamba mtumwa wa mwasi atakayekimbilia upande wa mfalme, akiwa na uwezo wa kubeba silaha, atakuwa huru. Tuyatazame maneno hayo kwa makini. Mtumwa wa mwasi ndiye aliyeahidiwa. Mtumwa wa mtu mtiifu kwa mfalme alibaki alivyo, na Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa wake. Haikuwa huruma, ilikuwa hesabu ya vita. Harry aliisikia hesabu hiyo akatoroka mwaka 1776, mwaka uleule ambao wenzake Washington walitia saini tangazo kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hivyo mtumwa wa jemadari wa uhuru alikwenda kuutafuta uhuru wake chini ya bendera ya mfalme, na sidhani kama kuna mhubiri anayeweza kubuni kinyume kikubwa kuliko hicho.

Vita vilipokwisha mwaka 1783, mkataba wa amani uliwataka Waingereza waondoke bila kuchukua watumwa wala mali nyingine ya Wamarekani. Mwezi Mei Washington alikutana na jemadari wa Waingereza, Guy Carleton, akadai watoro warudishwe. Carleton alikataa, kwa hoja kwamba serikali yake haiwezi kuvunja neno ililowapa watu hao, akaamuru majina yao yaandikwe katika daftari kabla hawajapanda meli huko New York. Daftari hilo lina majina yapatayo 3,000, na Harry Washington yumo, umri wake miaka 43. Haki imtendekee Carleton: alikuwa mkuu, na alitunza neno. Zaburi haisemi kwamba kila mkuu ni mwongo.

Walipelekwa Nova Scotia, nchi ya baridi kali iliyo kaskazini, nao wengi wakakaa Birchtown, kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Shelburne. Waliahidiwa mashamba. Wengi hawakupata kitu, na waliopata walipewa vipande vidogo vya ardhi yenye mawe, tena baada ya kungoja miaka. Majira ya baridi ya mwanzo baadhi yao waliishi katika mashimo yaliyoezekwa kwa magogo na matawi. Mwaka 1784 askari wazungu waliokuwa wameachishwa jeshi, wakiwa na hasira kwamba watu weusi walifanya kazi kwa ujira mdogo zaidi, walizibomoa nyumba zao huko Shelburne, na miongoni mwa waliopigwa na kufukuzwa alikuwamo mhubiri wa Kibaptisti, David George.

Huyu David George anastahili kusimuliwa kidogo zaidi. Alizaliwa mtumwa Virginia, akakimbia, akakamatwa, na hatimaye akawa mtumwa huko Silver Bluff katika South Carolina, ambako watoto wa bwana wake walimsaidia kujifunza kusoma. Hapo hapo, kabla ya vita, alikuwa mchungaji wa kanisa la watumwa ambalo ni miongoni mwa makanisa ya kwanza kabisa ya watu weusi katika Marekani. Vita vilipomtoa huko, kusanyiko likaanzishwa tena Nova Scotia. Nyumba zilipobomolewa Shelburne, alihamia Birchtown akaendelea kuhubiri. Upande wa Wamethodisti alikuwako Moses Wilkinson, kipofu, kiwete, asiyejua kusoma, aliyeyahubiri Maandiko kwa kumbukumbu hata watu wakapiga yowe na kulia. Harry Washington alikuwa mmoja wa kundi lake. Katika Birchtown kanisa ndilo lililokuwa serikali, shule na benki ya chakula; nadhani hili ni jambo ambalo wale wetu waliowahi kuishi ugenini bila vibali wanalielewa bila kuelezwa.

Ndipo Thomas Peters, sajini wa zamani katika jeshi la mfalme, alipovuka bahari hadi London akiwa na malalamiko ya wenzake mkononi, huku akihatarisha kukamatwa na kuuzwa tena njiani. Msisitizo wangu uko hapa. Peters hakukaa Nova Scotia akisubiri mbingu zifunguke; alibeba barua. Huko London alikutana na watu waliokuwa wakipigania kukomesha biashara ya watumwa, ambao walikuwa wameanzisha Kampuni ya Sierra Leone, nayo kampuni ikamtuma Luteni John Clarkson wa jeshi la majini, kijana wa miaka 27, kwenda kuwaita waliotaka kuhamia Afrika. Mnamo Oktoba 1791 Clarkson alisimama katika mimbari ya Wilkinson huko Birchtown mbele ya watu mia kadhaa, akawaeleza ahadi za kampuni: ekari 20 kwa mwanamume, 10 kwa mke, 5 kwa kila mtoto. Walipomwuliza kuhusu kodi ya ardhi, ile ambayo humfanya mtu awe mpangaji wa milele katika shamba lake mwenyewe, aliwahakikishia kwamba haitakuwapo. Aliamini alichosema. Wao nao walimwamini yeye.

Meli 15 zilitweka kutoka Halifax mnamo Januari 15, 1792, zikiwa na watu wapatao 1,190. Zaidi ya 60 walifia baharini, na Clarkson mwenyewe aliugua hata kukaribia kufa. Kufikia mwezi Machi walikuwa wameteremka kwenye mwambao wa Sierra Leone, na mapokeo ya Freetown, mji walioujenga hapo, yanasimulia kwamba walikusanyika chini ya msufi mkubwa wakamshukuru Mungu kwa nyimbo. Msufi huo ulidumu katikati ya mji hadi Mei 2023, dhoruba ilipouangusha. (Wasomaji wa Mombasa wasichanganye Freetown na Freretown yao ya Kengeleni, iliyoanzishwa na wamisionari kwa ajili ya watumwa waliokombolewa mwaka 1875 na kupewa jina la Bartle Frere; majina yanakaribiana, na machozi pia, lakini ni habari mbili.)

Walikisoma kitabu cha Kutoka kama wasifu wao wenyewe, nasi hatuna budi kukisoma kwa uangalifu wanaoustahili, kwa maana nchi ya ahadi ilikuwa na wenyewe. Ardhi ile ilikuwa ya Watemne. Miaka michache kabla yake, walowezi wa kwanza waliotoka London mwaka 1787 walikuwa wamejenga hapo, na mji wao ulichomwa moto mwaka 1789 na mtawala wa jirani baada ya ugomvi ambao walowezi hawakuuanzisha wao. Mikataba iliyotiwa saini na watawala wa Kitemne haikueleweka sawasawa pande zote mbili, kwani kwa desturi yao ardhi huazimwa kwa mgeni, haiuzwi. Waumini wa Birchtown hawakuandika mikataba hiyo, lakini walijenga juu yake.

Jambo moja la furaha lisipite. Katika mji huo mpya kila kaya kumi zilichagua mwakilishi, na kila wawakilishi kumi wakachagua mkuu wao, mpango ambao msomaji wa Kutoka 18 atautambua mara moja, pale Yethro anapomshauri Musa aweke wakuu wa mamia na wakuu wa kumi kumi. Wanawake waliokuwa vichwa vya kaya walipiga kura. Huko Ulaya, wakati huohuo, mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yakinadi haki za binadamu, na wanawake wa Paris hawakupewa kura.

Clarkson aliondoka mwishoni mwa 1792, naye hakurudi kamwe, maana wakurugenzi walimwachisha kazi. Akainuka mfalme mpya asiyemjua Yusufu: gavana aliyefuata, William Dawes, ambaye kabla ya hapo alikuwa ofisa na mtaalamu wa elimu ya nyota katika koloni jipya la wafungwa huko Australia, hakujiona kuwa amefungwa na ahadi za mtangulizi wake. Mashamba yalikuja kidogo kidogo, na kodi ya ardhi ikaanza kutajwa. Mwaka 1793 walowezi wakafanya alichofanya Peters: waliwatuma wajumbe wawili London, Isaac Anderson na mhubiri Cato Perkins, wakiwa na waraka. Wakurugenzi hawakuwakubalia.

Septemba 1794 merikebu za Ufaransa ziliingia bandarini zikipeperusha bendera ya Uingereza, zikaushambulia mji, na mabaharia wakapora kwa siku kadhaa na kuchoma majengo ya kampuni. Mwezi Februari mwaka huohuo bunge la mapinduzi huko Paris lilikuwa limefuta utumwa katika makoloni yake. Uhuru, usawa na undugu vilifika Freetown vikabeba vyombo vya jikoni vya watu waliowahi kuwa watumwa.

Ugomvi wa kodi ulipofika kilele mnamo Septemba 1800, kundi la walowezi lilibandika sheria zao wenyewe, likisema kwamba mamlaka ya gavana yaishie kwenye shughuli za kampuni. Gavana aliliita jambo hilo uasi. Waliomwokoa ni Wamaroon waliokuwa ndio kwanza wanawasili kwa meli, watu weusi waliopigania uhuru wao milimani Jamaika hata Waingereza wakawafukuza kisiwani. Watoro wa Jamaika wakatumika kuwakamata watoro wa Virginia. Isaac Anderson alinyongwa. Wengine walihamishwa kwa nguvu, na mmoja wao alikuwa Harry Washington, mzee wa miaka 60.

Hapa ndipo moyo wangu unaposumbuka, na sitaki kuuharakisha. Waliopinga kodi wengi walitoka katika makanisa ya Wamethodisti, kundi la Wilkinson likiwa mbele; David George na Wabaptisti wake kwa jumla walisimama na kampuni. Wote walitoka utumwani, wote waliimba chini ya msufi mmoja, wote waliijua Zaburi 146. David George alikuwa amebomolewa nyumba na kupigwa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba alikosa ujasiri. Huenda alihesabu kwamba kanisa changa katika mwambao uliozungukwa na wauza watumwa haliwezi kuishi bila kampuni hiyo dhaifu. Wenzake walihesabu kwamba aliye mpangaji leo ni mtumwa kesho. Mimi, nikilazimika kuchagua, nasimama na waliobeba waraka, ingawa sioni kwamba kila walichofanya Septemba ile kilikuwa cha hekima.

Nasimama nao kwa sababu ya zaburi yenyewe. Mtunzi anapotuonya tusiwatumainie wakuu, haishii hapo. Mistari minne baadaye anasema Bwana huwafanyia hukumu walioonewa na hufungua waliofungwa, na katika mstari wa tisa kwamba huwahifadhi wageni. Mtu anayemwabudu Mungu wa namna hiyo hawezi kutazama ahadi iliyovunjwa akasema si kitu. Kuweka tumaini kwa mkuu ni jambo moja, na kumdai mkuu alichoahidi ni jambo jingine. Peters, Anderson na Perkins walimdai bila kumfanya mungu, na ndiyo maana majibu mabaya ya London hayakuzima makanisa yao.

Harry alipelekwa pwani ya Bullom, ng'ambo ya mdomo wa mto, mahali ambapo Freetown huonekana kuvuka maji. Aliyekuwa bwana wake alikwisha kufa Mount Vernon mnamo Desemba 1799, baada ya kuwa rais wa kwanza wa Marekani, akiacha wosia kwamba watumwa wake mwenyewe waachwe huru mkewe atakapofariki. Mjane huyo, Martha, hakungoja hadi kufa kwake. Watu wale waliachwa huru Januari 1, 1801, miaka 25 baada ya Harry kutoroka.